Heliamu na Ujenzi wa Kichapuzi cha Chembe cha Baridi Kali katika Maabara ya Chuo Kikuu

Makala hii inafafanua kwa nini chuo kikuu kinachojenga kichapuzi cha chembe kwa metali isiyo na ukinzani wa umeme hujenga kwanza mtambo wa kupozea. Suala hili linaigusa Tanzania kwa kuwa heliamu, kipozeo kisicho na mbadala katika kazi hiyo, imo ardhini mwake.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alibaini kuwa zebaki iliyopozwa kwa heliamu kimiminika hupoteza ukinzani wote. Naiobiamu hufikia hali hiyo chini ya kelvini 9.2. Heliamu huchemka kwenye kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kilitumia sifa hiyo katika kichapuzi cha mzunguko kiitwacho K500, kilichotoa miale yake ya kwanza mwaka 1982. Koili zake za naiobiamu na titani zilibeba mkondo mkubwa bila kupata joto, hivyo uga wa sumaku wenye nguvu ukapatikana katika mashine ndogo. Udogo huo ndio uliokiwezesha chuo kuthubutu. Mrithi wake, FRIB, aliyezinduliwa Mei 2022 kwa gharama ya dola milioni 730, si mdogo tena: ana vyumba 324 vya naiobiamu vya kuchapulia chembe, vingi vikiendeshwa kwenye kelvini 2.

Ugumu uko kwenye baridi. Kuondoa wati moja ya joto kwenye kelvini 4.2 hudai, hata kinadharia, takriban wati 70 za umeme. Kwenye kelvini 2 hudai karibu 150. Mitambo halisi hutumia mara kadhaa ya viwango hivyo. Umeme ukikatika, heliamu huanza kuchemka, na lita moja ya kimiminika huwa zaidi ya lita 700 za gesi. Pasipo matangi ya kuikusanya hupotea hewani moja kwa moja. Vichapuzi vya tiba vya Ocean Road, Dar es Salaam, havina mzigo huu, kwani vya aina hiyo hutumia shaba isiyohitaji baridi kali.

Migato, wilayani Itilima, eneo lililokuwa sehemu ya Bariadi, imo juu ya ngao ya miamba ya kale ya Tanzania. Urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya namna hiyo huzalisha heliamu polepole zinapooza. Ni tukio lilelile la viini vya atomu ambalo maabara hizo huchunguza. Joto la Bonde la Ufa huifungua gesi hiyo. Dalili zake zimeonekana Eyasi, bonde linalopakana na Meatu, wilaya jirani ya Itilima, na mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza ugunduzi mkubwa Rukwa.

Hata hivyo, gesi ya chemchemi huja imechanganyika na naitrojeni, na ina joto. Ni lazima isafishwe, ishindiliwe na kupozwa kabla ya kufaa maabara. Kwa chuo kikuu cha Tanzania, basi, hatua ya kwanza yenye mantiki ni mtambo wa kuigeuza heliamu kuwa kimiminika, wenye mabomba ya kuirejesha na umeme wa akiba. Mtambo huo ungehudumia pia sumaku za upigaji picha za hospitali miaka mingi kabla ya chembe ya kwanza kuchapuliwa.