Barakoa ya lateksi: Sura yaweza kutoka safi, kalibu ikakuangusha

VIDIO zenyewe huwa fupi. Kijana anafinyanga kichwa cha zimwi, anakifunika kwa plasta, anamimina kitu cheupe kama maziwa, kisha paap! anavuta ngozi ya mpira yenye makunyanzi na meno. Ukimaliza kutazama unajiambia, hii hata mimi naiweza. Na kweli waiweza. Shida ni kwamba vidio ile imekata siku nzima nzima za kungoja, na ni katika siku hizo ambapo barakoa nyingi za wanaoanza huharibika.

Tuelewane kwanza. Hapa hatuzungumzii zile barakoa tulizovalishwa wakati wa Corona. Tunazungumzia ile ya kuvika kichwa kizima: jini, mzee wa miaka 90, fisi, mwanasiasa. Hutengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, ule ule unaotengeneza baluni na glovu za hospitali. Utomvu huo huongezewa amonia ili usigande ukiwa ndani ya mtungi, na ndiyo sababu ukifungua kifuniko unapigwa na harufu kali inayotoa machozi.

Kazi zenye lateksi Wakenya wamezitazama sana bila kujua. The XYZ Show, kipindi kilichoanza kurushwa mwaka wa 2009 kikiongozwa na mchoraji katuni Gado, kiliwakejeli wakubwa wa nchi kwa kutumia vikaragosi vya lateksi. Huko Marekani, ile sura nyeupe ya muuaji katika filamu ya Halloween ya 1978 ilikuwa barakoa ya dukani iliyonunuliwa kwa chini ya dola 2. Ilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner wa Star Trek. Wenye filamu waliipulizia rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho, basi. Kwa mwanafunzi anayeandaa mchezo wa tamasha za drama, au kundi la vijana linalopiga filamu fupi kwa simu, ujuzi huu una soko. Lakini kwanza upate barakoa isiyoraruka.

Kosa la mapema kabisa ni la kipimo. Anayeanza hufinyanga kichwa kinachotoshana na chake, akidhani kinachoingia ndicho kitakachotoka. Lateksi ni mpira uliochanganywa na maji, na maji yakitoka, mpira hunywea. Barakoa iliyofinyangwa sawa na kichwa chako itakubana masikio na kukuvuta pua. Finyanga kubwa kidogo kuliko kichwa halisi. Macho nayo yapange mahali ambapo mvaaji ataona; zimwi lenye macho kwenye paji la uso linapendeza mezani, ila mwigizaji atajikwaa jukwaani.

Kuhusu udongo, wa mfinyanzi ni wa bei nafuu na unashika sura vizuri. Ubaya wake ni kwamba hukauka na kupasuka ukiuacha usiku mmoja. Ufunike kwa kitambaa kibichi, halafu juu yake weka ndoo iliyopinduliwa au kipande cha turubai (mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tuliagana nayo 2017). Udongo wa mafuta, ule plastisini wa watoto wa nasari, haukauki na unaweza kuutumia tena na tena, ila kichwa kizima kitakula pakiti nyingi mno.

Sasa tufike kwenye kalibu, na hapa naomba usiwe na haraka. Watu wengi humaliza wiki nzima wakichonga makunyanzi halafu wanatengeneza kalibu kwa saa moja, jioni, wakiwa wamechoka. Kumbe kalibu ndiyo itakayoamua kama makunyanzi hayo yataonekana.

Kwa nini plasta? Kwa sababu plasta hunywa maji. Unapomimina lateksi ndani yake, ukuta wa plasta hufyonza maji kutoka kwenye ile lateksi iliyo karibu nao, na mpira unabaki umeganda ukutani kama utando wa maziwa kwenye sufuria. Kadiri unavyongoja ndivyo utando unavyonenepa. Kisha unamwaga lateksi iliyobaki irudi kwenye mtungi. Ukielewa jambo hilo moja umeelewa nusu ya kazi. Umeelewa ni kwa nini kalibu ya silikoni au ya plastiki haifai kwa mtindo huu: haina kiu. Umeelewa pia ni kwa nini kalibu mpya, ambayo bado imejaa maji yake yenyewe, itakuletea barakoa nyembamba kama ganda la kitunguu. Iache ikauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa. Usiitie kwenye oveni wala karibu na jiko la makaa. Joto kali huila plasta ikawa unga.

Kichwa kizima kinahitaji kalibu ya vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Unajenga ukuta mwembamba wa udongo kutoka shingoni, ukipita nyuma ya masikio hadi utosini, unaweka plasta upande mmoja, inakauka, unaondoa ukuta, unaweka upande wa pili. Kabla ya huo wa pili, toboa vishimo vichache kwenye ukingo wa plasta ya kwanza ili vipande vifungane mahali pamoja kila mara, kisha upake ukingo huo sabuni ya maji mara kadhaa. Usipopaka, vipande viwili vitakuwa jiwe moja na utahitaji nyundo. Vaselini inatenganisha vilevile, lakini mafuta yoyote ni sumu kwa lateksi, na wewe hutaki mafuta karibu na mahali mpira utakapopita.

Pembe zilizopinda, masikio yanayojikunja na tundu za pua zenye kina ndizo mitego ya hapa. Plasta ikiingia nyuma ya pembe na kuganda, haitoki bila kuvunja kitu. Mpira utavutika ukatoka, plasta haivutiki. Kwa barakoa ya kwanza, achana na pembe. Ukizitaka kabisa, zitengeneze peke yake uje uzigundishe baadaye.

Plasta ya kwanza iwe nyepesi kama uji, uipake kwa brashi taratibu ili viputo vya hewa visibaki juu ya udongo. Kila kiputo kinachobaki kitakuwa chunusi kwenye uso wa zimwi wako. Tabaka zinazofuata zichanganye na nyuzi za mkonge, kama wafanyavyo mafundi wa mapambo ya dari. Zinaipa kalibu nguvu isipasuke unapoifungua.

Na hapa kuna jambo la hatari ambalo vidio nyingi hupita tu. Plasta inapoganda hutoa joto, na ikiwa nene hutoa joto la kuchoma. Mwaka wa 2007 huko Lincolnshire, Uingereza, mwanafunzi wa miaka 16 aliingiza mikono kwenye ndoo ya plasta darasani ili apate umbo la viganja vyake. Plasta iliganda akiwa amenaswa, na akapoteza karibu vidole vyote. Kwa hivyo hakuna mambo ya kumlaza rafiki na kummwagia plasta usoni ili upate sura yake. Hapana. Chonga sura kwa macho.

Kalibu ikikauka, ifunge kwa kukaza vipande vya tyubu ya baiskeli kuizunguka, na uzibe mshono kwa udongo upande wa nje. Lateksi hutafuta mwanya kama maji ya mvua kwenye paa la mabati.

Unaponunua, uliza kama ni lateksi ya kumimina, iliyokwishatayarishwa kiwandani ili iwe ngumu ikikauka. Utomvu mbichi usiotayarishwa hukauka ukawa dhaifu na wa kunatanata. Pia usiruke dukani ukanunue mtungi mkubwa kwa sababu ya bei ya jumla. Lateksi iliyofunguliwa huganda polepole humo humo mtungini. Kitu kingine kinachowashtua wengi: kalibu ya kichwa hubeba lita kadhaa, hata kama barakoa yenyewe itabaki na kiasi kidogo. Kama mfuko hauruhusu, mimina lita moja tu, uzungushe kalibu polepole ili lateksi ipite kila mahali, uimwage, ungoje, urudie. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini inafaa.

Mimina taratibu kwa upande mmoja, kama unavyomimina soda usiyotaka itoe povu. Ncha ya pua na kidevu ndizo hunasa hewa, kwa hiyo inamisha kalibu huku na huku na uigongegonge.

Halafu ungoje. Hapa ndipo wengi hushindwa kujizuia. Sehemu za nje zimekauka, ukigusa mpira unaonekana tayari, mkono unakuwasha. Tazama rangi badala ya saa: lateksi isiyopakwa rangi huwa nyeupe ikiwa na maji, na ikikauka hugeuka kuwa kama asali nyepesi. Ukiona doa jeupe kwenye pua au midomo, bado. Feni inayopuliza ndani ya kalibu inasaidia. Na usilinganishe siku zako na za jamaa wa vidio anayeishi kwenye hewa kavu. Limuru mwezi Julai, au Mombasa wakati wa mvua, barakoa iliyoambiwa ni ya siku moja itakuchukua mbili au tatu.

Kabla ya kuivuta, mwagia poda nyingi ndani, ile ya watoto au hata unga wa mahindi laini. Lateksi mpya hujishika yenyewe. Shavu likigusana na shavu bila poda, yameoana na hakuna talaka. Vuta kidogo, weka poda, vuta kidogo.

Rangi nayo ina hila zake. Rangi ya maji ya kawaida ikipakwa peke yake juu ya mpira hupasuka na kubanduka mvaaji anapocheka. Ichanganye na lateksi yenyewe, sehemu kwa sehemu, upake kwa sponji tabaka nyembamba. Kumbuka mchanganyiko huo huonekana mwepesi ukiwa mbichi na kukolea ukikauka; jaribu kwenye kipande cha shingo ulichokata. Rangi ya mafuta usiikaribishe. Shaba pia hudhuru lateksi, kwa hivyo usitumie waya wa umeme kushikilia nywele au masikio.

Mbali na kazi yenyewe, kuna mwili wako. Fanyia kazi nje au penye madirisha wazi kwa sababu ya amonia. Wapo watu ambao miili yao haipatani na lateksi: huwashwa, huvimba, na wengine hushindwa kupumua kiasi cha kuhitaji hospitali mara moja. Baadhi ya watu hao hudhurika pia na ndizi, avokado au papai, kwa kuwa matunda hayo yana protini zinazofanana na za utomvu wa mpira. Ikiwa baluni hukuwasha midomo, au glovu hukutoa vipele, usianze kabla ya kuonana na daktari. Muulize hivyo hivyo kila mwigizaji kabla ya kumvisha barakoa yako.

Ushauri wangu kwa asiye na pesa za kuchezea ni kuanza na pua. Ndiyo, pua peke yake, au nusu uso unaoishia juu ya mdomo. Kalibu yake ni ya kipande kimoja, lateksi ni kikombe kidogo, na ikiharibika umepoteza wikendi wala si karo. Makosa yake ni yale yale ya kichwa kizima: viputo, maji yaliyobaki, rangi inayobanduka. Ukitoa pua tatu safi mfululizo, fanya kichwa.

Na barakoa ikishatoka vizuri, usiitundike dirishani marafiki waione. Jua huila lateksi ikawa ngumu na kupasukapasuka. Ijaze magazeti makuukuu ili isilale na mkunjo, maana mkunjo wa miezi michache haunyooki tena, kisha iweke kwenye sanduku mahali penye giza na baridi.