Magari ya Gesi Asilia na Hewa ya Dodoma

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa hapa juu ya magari yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa, kwani wengi wao husafiri Bara kwa shughuli za Muungano na za biashara, na huenda baadhi yao wakafikiria kununua magari ya namna hiyo.

Gesi hiyo iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Mkoa wa Lindi, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba ili kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Baadaye Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), ambayo ni chuo cha Serikali, ilijishughulisha na kufunga mifumo ya gesi katika magari ya petroli na kuwafundisha mafundi kazi hiyo.

Gari lililobadilishwa hubaki na tangi lake la petroli. Huongezewa mtungi imara, ambamo gesi hushindiliwa kufikia takriban mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, pamoja na kifaa cha kuupunguza mgandamizo huo kabla gesi haijaingia katika injini. Kwa kazi ile ile, gesi hutoa hewa ya ukaa pungufu kuliko petroli kwa kadiri ya sehemu moja ya tano hadi robo.

Hata hivyo, lililothibitika pwani halitoshi kuwa hoja kwa nyanda za kati. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabochaja hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake hata ikitumia petroli. Gesi nayo huchukua sehemu ya nafasi ya hewa ndani ya injini, na nguvu hupungua zaidi. Aidha, vumbi la kiangazi huziba kichujio cha hewa. Tena kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 450, ambao aghalabu mtungi mmoja wa gari dogo hauumalizi.

Mota ya umeme haina haja ya hewa ya kuunguzia. Ndiyo sababu treni ya umeme, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwezi Julai 2024, haipungukiwi nguvu kwa ajili ya mwinuko.

Kwa hiyo utafiti unaogharimiwa kwa fedha za umma haufai kuhesabiwa umekamilika mpaka magari yapimwe pia katika nyanda hizo, yakiwa na mzigo, wakati wa kiangazi. Kununua kwanza na kupima baadaye ni hasara kwa hazina.

Mwenye gari la gesi anapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Mfumo ufungwe na karakana iliyoidhinishwa, na cheti chake kihifadhiwe.

2. Mtungi ukaguliwe kwa vipindi vilivyowekwa, kwani kasoro yake huenda isionekane kwa macho.

3. Ikisikika harufu ya gesi, injini izimwe, abiria washuke, vali ya mtungi ifungwe ikiwa yafikika kwa usalama, na moto wa aina yoyote usiwashwe karibu.

Fedha zinazookolewa katika mafuta hazilingani na maisha ya abiria.