LaMelo au Haliburton: nani apewe mpira?

Mdogo wangu amebandika picha ya LaMelo Ball juu ya kitanda chake, na simlaumu. Ukiupenda mpira wa kikapu kwa macho, kijana huyu wa Charlotte Hornets atakuteka. Ila mimi nimecheza namba moja tangu sekondari, na namba moja hapimwi kwa macho peke yake. Yeye ndiye anayepandisha mpira na kuamua nani aupate, lini na wapi. Akiupoteza, wenzake wanne wanaanza kukimbia kurudi nyuma wakiwa wamechelewa.

Mpinzani wa LaMelo katika ugomvi wetu wa nyumbani ni Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers. Wote waliingia NBA mwaka 2020. LaMelo alichaguliwa wa 3. Haliburton akangoja hadi nafasi ya 12, akachukuliwa na Sacramento Kings. Haikushangaza. LaMelo alikuwa na jina kabla hajaota ndevu: akiwa na miaka 15 alifunga pointi 92 katika mechi moja ya shule huko California, kisha akaenda kucheza Lithuania na Australia. Haliburton alitoka chuo cha Iowa State na mtupo wa ajabu, anausukuma mpira kutoka kifuani kama anayefunga mlango kwa mikono miwili. Kocha wangu wa zamani angemfokea.

LaMelo alianza kwa kishindo, akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Mtazame akidaka ribaundi: hata miguu haijatulia chini, mpira umeshamtoka kwa mkono mmoja, unakata uwanja mzima na kumkuta mwenzake chini ya kikapu. Hilo halifundishiki.

Haliburton naye ana dhambi yake. Huruka na mpira bila kuonyesha anakoupeleka, kitu ambacho makocha wote hukataza, halafu akiwa hewani anasubiri beki ajisaliti ndipo atoe pasi. Msimu wa 2023-24 aliongoza ligi nzima kwa asisti, wastani wa 10.9 kwa mechi. Msimu uliofuata alipoteza mpira chini ya mara mbili kwa mechi, wakati LaMelo alizidi mara tatu. Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ndogo. Hao hawajawahi kufungwa kwa pointi moja.

Mei 2025, dhidi ya New York Knicks, Haliburton alimaliza na pointi 32, asisti 15 na ribaundi 12, bila kupoteza mpira hata mmoja. Wiki iliyofuata ikaja mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Oklahoma City Thunder. Huku kwetu ilianza saa tisa na nusu usiku, na mdogo wangu akasinzia kwenye kochi. Indiana hawakuwahi kuongoza hata dakika moja, hadi Haliburton alipopiga chenga kuelekea kulia, akasimama, akatupa. Zilibaki sekunde 0.3. Matokeo 111 kwa 110.

Silaha kubwa niliyokuwa nayo katika ubishi huu ilikuwa afya. LaMelo, kwa sababu ya vifundo vya miguu, alicheza mechi 36 tu msimu wa 2022-23 na 22 msimu uliofuata, kati ya 82. Namba moja aliyekaa benchi hampi mtu pasi, nilikuwa nikisema. Kisha katika mechi ya 7 ya fainali, Haliburton, aliyekuwa ameingia na maumivu ya misuli ya mguu, alikuwa ameshafunga mitupo mitatu ya pointi tatu alipoanguka: kano ya kisigino imekatika. Indiana wakapoteza ubingwa, naye akaukosa msimu mzima wa 2025-26.

Mdogo wangu hajaacha kunikumbusha. Hata hivyo, zikibaki sekunde tano na tuko nyuma kwa pointi moja, mpira nampa Haliburton. LaMelo nampa robo tatu za mwanzo.