Mashine ya Sukari Husomaje Damu?

Wengi huuliza jinsi tone moja la damu linavyoiambia mashine kiasi cha sukari. Kijikaratasi cha kupimia kimepakwa kimeng'enya, ambacho huchukua elektroni kutoka kwenye sukari. Elektroni hizo zikipita, hutokea umeme mdogo. Sukari ikiwa nyingi, umeme huongezeka, nayo mashine huandika namba kubwa. Wazo hili lilielezwa na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962.

Joto na unyevu huharibu kimeng'enya. Basi funga kopo vizuri. Nawa mikono, ukauke. Kidole chenye maji ya embe hudanganya mashine, na mgonjwa akiongeza insulini kwa namba hiyo, aweza kuzimia.