Upande wa Kibo

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya soko, wanawake wa mlimani wamekwisha kufika Kiboriloni. Mikungu ya mshare na ndizi ng'ombe imelazwa chini, ngata bado ziko vichwani, na wenyewe wanasalimiana kwa sauti huku wakijifuta umande miguuni. Mitumba itatandazwa baadaye. Saa hizi soko ni la ndizi na ni la akina mama, kama lilivyokuwa enzi za mababu, mwanamume alipokuwa hana shughuli sokoni na ndizi za mlimani zilipokutana na magadi ya tambarare.

Wao walikuwa wanashuka, mimi napanda. Nilikusudia kutembea siku tatu: nipite Tsuduni hadi Kidia, nifike ukingoni mwa msitu, kisha niambae ubavu wa mlima kuelekea mashariki, Kirua, Kilema, hadi Marangu. Wageni wengi wanaokuja kwa ajili ya Kilimanjaro hupelekwa kwa gari hadi geti la hifadhi, na safari yao huanzia hapo. Huku chini wanakopita madirisha yakiwa yamefungwa ndiko wanakoishi wenye mlima.

Anayekwenda kwa miguu hugundua mapema kwamba Uchagani huwezi kutoka kijiji kimoja ukaingia kingine kwa kuvuka pori. Nyumba hazikusanyiki pamoja. Kila moja imejificha ndani ya kihamba chake: migomba juu, mibuni kivulini mwake, magimbi karibu na maji, ng'ombe bandani akisubiri aletewe majani, na kaburi la babu pembeni. Kihamba kinapakana na kihamba, kuanzia karibu na barabara kuu hadi msituni. Njia hupenya katikati, nyembamba, kuta zake zikiwa ni masale. Kwa hiyo kila hatua unayopiga unapita uani kwa mtu, na huwezi kupita kwa mtu kimya kimya. Unasalimia. Unaulizwa umetoka wapi, ni mtoto wa nani, unakwenda kwa nani. Nilijibu maswali hayo zaidi ya mara ishirini kabla ya saa sita mchana, na sikuona yananichelewesha. Kuulizwa hivyo ni kupewa ruhusa.

Hilo sale nalo linastahili kutazamwa vizuri. Ni mmea wa majani marefu membamba, haufi upesi kwa kiangazi, na kwa hiyo umepewa kazi ya kutunza mambo yasiyotakiwa kufa. Unapandwa mpakani, na kung'oa sale la jirani ni kosa linaloweza kuitisha ukoo mzima. Unapandwa kaburini. Na mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani lake, akalifunga fundo, akalipeleka au akamtuma mzee alipeleke. Aliyeletewa sale hatarajiwi kulikataa, hata kama moyo wake bado unachemka. Nimeona nchi nyingi zikihangaika na mabaraza ya usuluhishi yenye majengo na bajeti. Hapa msamaha umeota kando ya njia, unachumwa.

Ipo pia adabu ya njia yenyewe, ambayo niliifahamu kwa kukosea. Juu kidogo ya Tsuduni nilikutana na mzee akishuka na mkongojo. Nikampisha kwa kukwea ukingo wa juu wa njia, nikidhani ndiyo heshima. Akasimama.

"Shikamoo, meku," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Shuka upande ule. Huko uliko ni kwa Kibo."

Alisema kwa upole, kama anayemrekebishia mtoto kola ya shati. Kwa desturi ya zamani upande wa njia unaoelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndio upande wa heshima, na mdogo humwachia mkubwa upande huo. Kutoka Kibo hutoka maji, na kwa hiyo uhai. Hata marehemu zamani walizikwa wakielekezwa huko. Juu na chini si habari ya mwinuko tu kwa Mchagga. Ni habari ya nani anatangulia.

Tsuduni kwenyewe kuna mti ambao watu hawaupiti bila kunyamaza kidogo. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga hapa Meli, Mangi yaani chifu wa Moshi, pamoja na wenzake kumi na wanane, wakubwa wa mlimani na nyika ya jirani. Miaka minane kabla, mwaka 1892, Meli alikuwa amelishinda jeshi lao. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na uzao wake umekidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na jamaa zao walio hai. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikutambuliwa. Kwa watu wanaomzika mtu kihambani na kumpandia sale, wanaosafirisha maiti kutoka Dar es Salaam usiku kucha ili ilale kwao, mwili kukosa kichwa ni msiba usiokwisha matanga. Sioni namna ya kulisema hilo kwa maneno laini zaidi.

Nililala Kidia. Mwenyeji wangu alikuwa na mbege, na mbege hainywewi kwa haraka kwa sababu haikutengenezwa kwa haraka. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Kimea cha ulezi husagwa na kupikwa uji, magome ya msesewe yakatia uchungu, ndipo vyote vikachanganywa. Mahari haipelekwi bila mbege, wala mashauri ya mipaka hayamalizwi bila mbege. Mzee alionja kwanza, mbele ya wote, kisha akanipa kibuyu.

Nyumba ile ni ya mtoto wa mwisho, kwa kuwa ndivyo mila inavyogawa: wakubwa hupewa vihamba vyao, kitindamimba hubaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza. Ila ardhi haizai ardhi. Kihamba kilichogawanywa vizazi vitatu sasa kinavukwa kwa hatua chache, na kitindamimba mwenyewe yuko mjini, anarudi Desemba na familia, mbuzi anachinjwa, supu ya kisusio inanywewa, na Januari wazee wanabaki wawili na mlinzi. Mabinti wa nyumba ile, ambao ndio waliokuwa wakipiga simu kila jioni kuuliza dawa ya mama, mila haikuwapa kihamba. Hapo siitetei mila. Inaweza kuheshimu njia nzima ikakosea mlango mmoja.

Siku ya pili nilifika msituni. Ukanda wa kwanza bado unaitwa nusu maili, jina la tangu 1941, ulipotengwa ili wananchi wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wa ndani. Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na tangu hapo habari za mpaka ule huzungumzwa kwa uchungu. Nilikutana na akina mama watatu wakirudi na mizigo ya majani iliyowafunika hadi mabegani.

"Pole na kazi, mama."

"Aika, baba. Ng'ombe hajui sheria."

Kando ya njia ile ulikuwapo mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuyatoa maji korongoni na kuyatembeza mgongoni mwa kilima hadi vihambani. Ukoo uliouanzisha ndio uliouongoza. Maji yaligawiwa kwa zamu, na ukisikia wito wa msaragambo, kazi ya pamoja, ulikwenda na jembe. Asiyekwenda alitozwa faini. Mfongo niliouona ulikuwa mkavu, umejaa majani ya migomba, na bomba la plastiki limelazwa juu yake.

Siku ya tatu ilikuwa ya makorongo. Unashuka hadi magoti yanatetemeka, unavuka kijito, unapanda tena, na salamu imebadilika. Kila mgongo kati ya makorongo mawili ulikuwa na Mangi wake na lahaja yake, na hadi leo mtu wa Kidia akizungumza Marangu hutambulika kabla hajamaliza sentensi. Kilema nilipumzika. Hapa alifika mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848, akapokewa na Mangi Masaki, na baada ya kuandika kwamba ameiona theluji, wasomi wa London walimkatalia. Wenyeji walikuwa wakiitazama kila alfajiri.

Mimi sikuiona. Wingu lilishuka tangu asubuhi likakaa. Jioni, karibu na Marangu, njia ikiwa imebana kati ya masale, akaja kijana na mkungu begani, visikizio masikioni. Aliponiona alisogea upande wa chini, mguu mmoja ukiwa ndani ya mfereji, akasubiri hadi nikapita.