Ilimu ya Kuchanganya Sauti kwa Mafundi wa Metali

Msomaji aliyelelewa na nyimbo za kwaya na magitaa ya sebene, kama walivyolelewa wengi katika milima ya Masisi, mashariki ya Kongo, akisikia kwa mara ya kwanza muziki wa metali, ambamo magitaa hunguruma, ngoma hupigwa kwa kasi isiyohesabika na mwimbaji hukoroma badala ya kuimba, aghalabu hudhani kwamba hiyo ni ghasia tupu iliyorekodiwa pasipo mpango wala hesabu. Hakika ni kinyume cha hayo. Katika fani zote za muziki wa zama hizi sijui hata moja inayomdai mchanganyaji wa sauti hesabu, subira na nidhamu kuliko metali. Na kwa sababu hiyo nathubutu kumshauri kijana wa Lushebere, huko huko Masisi, mwenye kompyuta moja kuukuu, maikrofoni mbili na betri inayochajiwa kwa jua, ambaye shughuli yake ni kurekodi kwaya za makanisa, ajifunze kwa mafundi wa fani hii hata kama muziki wenyewe haumpendezi.

Wala mafundi hao hawapatikani Ulaya na Marekani peke yake. Nairobi imekuwa na bendi zake za metali kwa miaka mingi, na kutoka katika bendi mbili miongoni mwa hizo, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, walitokea Martin Kanja na Sam Karugu, ambao mwaka 2019 waliunda kundi la Duma, Karugu akiliacha gitaa la besi ili ashike gitaa la kawaida na kazi ya uprodyuza. Wakarekodi Kampala, katika studio ya Nyege Nyege, na albamu yao ikatoka mwaka 2020, ikiwa na ngoma za mashine zilizokazwa kasi hata mpiga ngoma wa nyama na damu asingaliweza kuzifuata. Kongo nayo ilikwisha kuijua sauti iliyopasuka kabla ya hapo. Konono N°1, kundi la mzee Mawangu Mingiedi mjini Kinshasa, walizipitisha likembe zao katika maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, zikanguruma kwa mkwaruzo mkali, na Mbelgiji Vincent Kenis alipowarekodi kwa albamu ya mwaka 2004 alikuwa na busara ya kutousafisha mkwaruzo ule.

Mkwaruzo wenyewe ni nini? Sauti ya uzi inapotiwa katika amplifaya kwa nguvu inayozidi uwezo wake, vilele vya mawimbi yake hukatwa. Na wimbi lililokatwa vilele huzaa mitetemo mingine juu ya ule wa asili, mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea, hata noti moja ikatanda kutoka chini kabisa hadi kwenye mitetemo elfu tano au sita kwa sekunde. Hapo hutokea mambo mawili: noti hudumu bila ya kufifia upesi, na nafasi ambayo ingekaliwa na sauti ya binadamu, matoazi na ngoma hujazwa yote na ala moja. Mwanagenzi, kwa kuipenda ngurumo, huufungua mkwaruzo hadi mwisho. Fundi mzoefu huupunguza mpaka mpigaji anung'unike, maana anajua kwamba magitaa mawili au manne yatapandana, na ukali wa kila moja utajumlishwa katika ukali wa mengine hata mapigo ya mkono yasitambulikane.

Tena fundi hamruhusu mpigaji apige mara moja kisha faili inakiliwe. Humtaka apige sehemu ileile mara mbili, kwa uangalifu uleule, pigo la kwanza akaliweka kushoto na la pili kulia. Nakala ya faili moja ikiwekwa pande zote mbili husikika katikati tu, kwa kuwa masikio hayapati tofauti yoyote baina ya pande hizo. Bali mapigo mawili ya mkono mmoja hupishana kwa chembe ndogo za sekunde na kwa tofauti hafifu za vidole, na upana wa muziki huzaliwa na kupishana huko. Kwaya ya waimbaji wanane inayotamani kusikika kama ya thelathini na ifanye vivyo hivyo: waimbe wimbo mara mbili au mara tatu kamili, wakibadilishana nafasi za kusimama, na hakuna programu iuzwayo kwa fedha itakayowapa unono kama huo.

Yaliyo magumu zaidi yako chini, katika sauti nzito. Uzi mnene wa gitaa lililotiwa sawa kwa kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde, ule wa besi mara 41, na ngoma ya mguu hutoa uzito wake mkubwa baina ya 50 na 80. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Birmingham, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani mwaka 1965, alizilegeza nyuzi zake katika nyimbo kadhaa za albamu ya mwaka 1971 ya Black Sabbath, hata ule uzi mnene ukashuka hadi mitetemo 69, na waliomfuata wameshuka zaidi ya hapo. Na kadiri gitaa lishukavyo ndivyo linavyogombania mahali pamoja na besi na ngoma. Mchanganyaji basi hukaa kama kadhi agawanyaye mirathi, na hukumu yake aghalabu ni kumnyang'anya mwenye kelele nyingi: hutia kichujio katika gitaa, akaondoa yote yaliyo chini ya mitetemo 80 au 100, kisha besi ikachukua nafasi hiyo, na msikilizaji akadhani kuwa ni gitaa lililo zito.

Asiyeamini kwamba uzito wa gitaa ni mali ya besi na asikilize albamu ya Metallica ya mwaka 1988, iitwayo ...And Justice for All, ambamo besi ya Jason Newsted ilishushwa hata ikakaribia kutosikika. Nyimbo ni za ustadi mkubwa, walakini sauti imekonda, na magitaa yaliyoachwa peke yake hayakuwa na cha kuyabeba. Kosa lililo jamaa ya hilo ni kuitoa sauti ya katikati, takriban baina ya mitetemo 400 na 1,500, kwa sababu gitaa likipigwa pekee bila ya sehemu hiyo hupendeza na kutisha. Bendi ikishaingia gitaa hutoweka, maana sikio hulitambua gitaa papo hapo palipoondolewa. Kanuni ambayo mafundi wa metali huirudia hadi ikachosha ni kwamba ala isihukumiwe peke yake. Nami naiona kuwa ni kanuni ya kwanza kwa mwenye kurekodi kwaya, ambaye mara nyingi hutumia saa nzima kuipamba sauti ya soprano ikiwa imetengwa na wenzake.

Kasi nayo ina sheria zake. Ngoma ya miguu miwili inayopigwa mara nne katika kila pigo la mwendo wa mapigo 200 kwa dakika hutoa vishindo zaidi ya 13 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na milisekunde 75 tu kabla ya mwenziwe kufika. Kishindo kinachodumu kuliko hapo humeza kinachofuata, na mwangwi mrefu huvimeza vyote. Rick Rubin alilifahamu hilo alipoisimamia albamu ya Reign in Blood ya Slayer mwaka 1986, yeye na mhandisi Andy Wallace, wakauondoa karibu mwangwi wote ulioenea katika rekodi za metali za wakati ule, hata nyimbo kumi zisizotimiza nusu saa zikasikika kila pigo kwa pigo lake. Kwaya haipigi vishindo 13 kwa sekunde, lakini ina maneno, na kanisa la bati na matofali lina mwangwi wake tayari. Anayeongeza mwangwi wa kompyuta juu ya ule wa ukuta huyafanya maneno ya wimbo yasifahamike.

Juu ya maikrofoni, mafundi wa metali hutumia vifaa vya bei nafuu kwa uangalifu wa ghali. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, ingali inawekwa mbele ya spika za magitaa katika studio kubwa za dunia, na kuisogeza sentimeta mbili kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni hubadilisha sauti, kutoka ukali kwenda ufifi, kuliko vitufe vyote vya ikwalaiza. Fredrik Nordström wa Gothenburg, Uswidi, alijulikana kwa kuziweka mbili pamoja, moja ikiikabili spika sawasawa na ya pili ikiwa imepinda, vichwa vyake vikikaribiana ili sauti izifikie kwa wakati mmoja. Sababu ya kukaribiana huko ni hesabu nyepesi. Sauti husafiri mita zipatazo 343 kwa sekunde, yaani sentimeta 34 kwa milisekunde moja. Maikrofoni ya pili ikiwa mbali zaidi kwa sentimeta hizo 34, mtetemo wa 500 kwa sekunde huifikia ukiwa kinyume cha ule uliofika katika ya kwanza, na mbili hizo zikichanganywa kwa nguvu sawa hufutana. Mitetemo 500 imo katikati kabisa ya sauti za kike. Kwa hiyo mwenye maikrofoni mbili asizitawanye ovyo mbele ya kwaya. Azikaribianishe kabisa, au aipe kila moja kundi lake mbalimbali.

Nafika sasa kwenye simu, na hapa naomba wasaa kidogo, kwa kuwa nyimbo za Lushebere hazisikilizwi katika spika za studio. Hupita kutoka simu hadi simu, kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Bluetooth, na vispika vidogo vya simu haviwezi kutoa kwa nguvu mitetemo iliyo chini ya 200 au 300. Je, besi ya mitetemo 41 itasikikaje? Mafundi wa metali walikwisha kulijibu swali hili kwa sababu zao nyingine: huigawa besi katika njia mbili, ya chini wakaiacha safi na tulivu, na ya juu wakaitia mkwaruzo. Mkwaruzo, kama tulivyoona, huzaa mitetemo ya mara mbili, mara tatu na zaidi, na ubongo wa binadamu, ukisikia jamaa hao wa juu walio na uwiano wao kamili, huusikia na mzazi wao ambaye hayupo. Kiasi kidogo sana cha mkwaruzo katika besi ya kwaya, kisichotambulika wimbo unapokamilika, hutosha kuirudisha besi katika simu ya bei rahisi.

Mwanafunzi atazoeaje haya bila ya bendi? Mwingereza Mike Senior ametoa hazina ya nyimbo kamili, kila ala katika faili yake, zikiwamo za metali, bure kwa wenye kujifunza. Apitaye Goma penye mtandao mzuri, barabara ya Sake ikiwa inapitika, anaweza kuzibeba katika flashi. Na azichanganye kwa sauti ya chini, kwa kiasi ambacho mtu aliye kando anaweza kuzungumza bila ya kupaza. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupungukiwa na besi sauti inapokuwa ndogo na hujaziwa inapokuwa kubwa, ndiyo maana kila mchanganyiko hupendeza ukikuzwa, na mwenye kukuza hujidanganya. Betri nayo itadumu zaidi.

Limebaki suala la ukubwa wa sauti, ambamo pekee siwafuati mafundi wa metali. Death Magnetic ya Metallica, mwaka 2008, ilibanwa ili isikike kwa sauti kubwa, hata mawimbi yakakatwa vilele katika albamu nzima, wapenzi wao wenyewe wakalalamika. Siku hizi huduma kama Spotify huzishusha nyimbo hadi kiasi kimoja, karibu na LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, hivyo aliyebana hapati faida. Katika kadi ya kumbukumbu hakuna wa kuzishusha, na nakiri kwamba wimbo ulio chini hupitwa ukifuatana na ulio juu. Basi ubanwe kwa desibeli tatu au nne na kompresa mbili zinazogawana kazi, na kilele chake kiachwe desibeli moja chini ya sifuri, kwa sababu wimbo ukigeuzwa kuwa MP3 vilele hupanda kidogo kuliko vilivyokuwa.