UNAUZA VISU MTANDAONI? USIMTUMIE MTEJA MAKALI BILA ALA

Leo tuongee na mnaouza visu visivyokunjwa, hasa sisi wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita. Wateja wetu tunawajua: mchungaji anayeshinda porini na ng'ombe, mchinjaji wa mnadani, mchimbaji mdogo anayekata kamba na viroba. Wote hawa kisu wanakibeba mwilini.

Lakini angalia posti zetu: picha ni ya makali tu, ala hakuna. Kisu kinafungwa gazeti, mteja anakichomeka mfukoni, anapanda bodaboda. Ikiruka shimo, ncha inaingia pajani. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kufa kabla hajafika zahanati. Kwa hiyo kabla hujaposti, jua haya:

1. Jaribu ala kwanza. Weka kisu ndani, geuza mpini uangalie chini, tikisa mara tatu juu ya godoro. Kikichomoka, usiuze hivyo hivyo. Weka mkanda mdogo wenye kifungo wa kubana mpini. Kwa mchimbaji hili ndo la kwanza, maana kisu kikichomoka akiwa anashuka duarani kinamwangukia aliye chini yake.

2. Kagua mshono. Ala nzuri ya ngozi ina kipande cha tatu cha ngozi katikati, upande wa makali. Kisipokuwepo, makali yanakata uzi kidogo kidogo mpaka ala inapasuka.

3. Mwambie pa kuvaa. Ni ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga, upande wa mkono anaoutumia. Sio mbele ya kinena, akiinama atajichoma. Sio katikati ya mgongo, akianguka chali mpini utamuumiza uti wa mgongo. Wamasai wanavaa sime kwenye nyonga ya kulia, ndani ya ala ya ngozi. Wanatembea nayo siku nzima na haiwasumbui.

4. Muulize kama anakaa sana. Wa bodaboda au baiskeli, ala ndefu iliyosimama itamchoma mbavu. Mpe ya kuning'inia kwa kitanzi chini ya mkanda, au ya kulala mkandani. Ya kulala lazima iwe na kifungo.

5. Mfundishe kuchomoa na kurudisha. Ala ishikwe juu, karibu na mdomo wake, vidole visizunguke upande wa makali. Wakati wa kurudisha atazame, asifanye huku anaongea na simu.

6. Unyevu. Ngozi inatunza maji na jasho, kisu kikilala humo kinapata kutu. Akimaliza kazi akifute, akipake mafuta kidogo, akihifadhi nje ya ala, mbali na watoto. Ala ya plastiki itobolewe tundu chini maji yatoke.

Mkumbushe pia kwamba hicho ni kisu cha kazi. Kazi ikiisha kiingie kwenye begi. Kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa kisheria.

Ukituma kwa basi, funika makali kwa kadibodi nene, zungushia selotepu, halafu andika nje KISU NDANI. Anayepokea mizigo naye ana mikono.

Sasa upande wa faida. Fundi viatu wa mtaani kwako anaweza kushona ala, ila mpelekee kisu chenyewe apimie, usimtajie urefu kwa mdomo. Weka bei ya kisu na ala pamoja. Posti picha tatu: kisu, ala, na kisu kikiwa mkandani. Mteja akiuliza kwa nini bei yako iko juu kuliko ya jirani, mtumie video ukigeuza ala na kutikisa, kisu kisianguke. Hapo hata maneno mengi hayahitajiki.

Sevu posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza visu.